Kwa Kocha Merle Havranek, Aliyesimama Kando ya Kituo cha Tatu

Mwaka umezunguka na kurudi pale pale, Merle, tangu Alhamisi ile ya Aprili ulipotutoka ukiwa umeketi kwenye kiti chako karibu na dirisha la jikoni, dirisha linalotazama uwanja wa chuo. Korongo wa mtoni wamekuja, na wameondoka tena kuelekea kaskazini. Mwaka huu niliwasikia peke yangu nikianika mashuka. Nilisimama na kibanio mkononi nikingoja useme yale uliyoyasema kila walipopita juu ya paa letu: "Wamefika, Arlys. Nitolee viatu vyangu." Hakuna aliyesema. Nikaendelea kuanika.

Wewe na mimi tulipenda mambo yaende kwa utaratibu. Kwa hiyo nitaanza na kazi, kwa kuwa ungetaka nianze na kazi.

Uliifundisha besiboli katika chuo hiki kidogo cha Lindell kwa miaka thelathini na mitano. Uliikuta timu ya Korongo haina hata paa la kujikingia mvua, ukaiacha ikiwa timu ambayo vyuo vya wenye majumba marefu viliiheshimu, na baadhi viliikwepa. Waliokuja kukuchukua uende kwao uliwapa kahawa, ukawasikiliza kwa adabu, ukawasindikiza mpaka kwenye gari. Nilipokuuliza sababu, ulinijibu huku ukivua kofia, "Nikiondoka, nani ataujua udongo ule?"

Udongo ule uliujua kweli. Kila asubuhi ya msimu ulikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kushika reki. Vijana waliodhani kwamba kazi hiyo ni ya vibarua hawakudumu na dhana yao. Wazee wa timu bado wanamsimulia yule mrushaji mpira wa kutoka Omaha, aliyefika siku ya kwanza na miwani ya jua juu ya kofia, akasema, "Kocha, mimi ni mrushaji. Mimi sishiki reki."

Ukamwambia, "Vizuri sana, bwana mrushaji. Basi simama pale katikati uturushie reki, tuone itafika wapi."

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Leo yeye ni mwalimu mkuu wa shule, na nimesikia kwamba wanafunzi wake husawazisha uwanja wao wenyewe.

Hukuwa mtu wa kupiga kelele. Nilipokuwa nafundisha darasa la nne, walimu wenzangu waliniuliza kama sauti yako ilitingisha madirisha nyumbani, nami niliwaambia kwamba mwenye sauti nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Hata mwamuzi alipokosea, ulimsogelea polepole, mikono mfukoni, ukamwambia kama mtu anayemtakia heri, "Mke wangu ana darasa lenye kiti kitupu mbele kabisa, karibu na ubao. Nikuwekee?" Waamuzi wawili waliniambia haya kwenye mazishi yako. Walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Mfukoni mwako hamkukosa mbegu za alizeti. Ulizitafuna tangu mpira wa kwanza mpaka wa mwisho, na zilizobaki zilifuliwa pamoja na suruali. Nilizitoa kwenye mashine ya kufulia miaka yote ya ndoa yetu, na miaka yote nililalamika. Nililalamikia pia udongo mwekundu wa viatu vyako mlangoni. Sakafu yangu sasa ni safi tangu Jumatatu hadi Jumapili. Sikujua kwamba sakafu safi inaweza kumfanya mtu asitake kuingia nyumbani kwake.

Hiyo ndiyo kazi na hizo ndizo tabia. Linalofuata ni gumu zaidi, nami nitalieleza taratibu, ili hata asiyekuwapo alielewe.

Mahali pako palikuwa kando ya kituo cha tatu. Mkimbiaji anayekijia kituo hicho kwa kawaida ameupa mpira mgongo, haoni ulipo wala nani ameushika. Anachokiona ni mikono ya kocha. Mkono mmoja ukizunguka, aendelee mpaka kituo cha mwisho, akaipatie timu pointi. Mikono yote miwili ikiinuliwa, viganja mbele, asimame. Wewe ndiye uliyekuwa macho yake.

Katika mwaka wako wa pili hapa, Duane Pospisil aliipita mikono yako. Alitaka pointi, akakutana na mdakaji aliyekuwa amekiziba kituo cha mwisho kama mlango, na mguu wake ukavunjika mahali pawili. Tulikaa naye hospitalini mpaka wazazi wake walipofika kutoka shambani. Duane anachechemea hadi leo, akipanda na kushuka ngazi ya duka lake la misumari na mbao. Tangu siku hiyo uliweka kanuni moja, na ndiyo pekee uliyoiandika ukutani: Anayepita mikono yangu atakaa benchi mchezo unaofuata. Hukumbagua mtu. Mtoto wa mkuu wa chuo alikaa, na mpigaji wako bora alikaa siku ambayo mama yake alikuwa amesafiri kutoka Colorado kuja kumtazama. Nami niliiunga mkono kanuni hiyo, kwa kuwa mwalimu anajua kwamba kanuni inayoinama kwa mmoja itawaangukia wengine wote.

Kisha mwanao mwenyewe akaja kukuchezea.

Neal alikuwa katika mwaka wake wa tatu. Ilikuwa fainali ya ligi, hapa hapa Lindell, kipande cha mwisho cha mchezo, timu zimelingana. Neal alikuwa kituo cha pili. Mpira ulipigwa ukaenda kushoto, mbele ya macho yake, naye akakimbia. Ukainua mikono yote miwili. Watu wote tuliokuwa kwenye mabenchi ya mbao tuliiona. Neal aliiona pia, akaipita, akateleza kwenye vumbi, na mwamuzi akatandaza mikono: salama, amekifikia kituo kabla ya mpira. Korongo wakawa mabingwa. Vijana walimbeba Neal juu mabegani. Wewe ulikwenda kuokota magongo ya kupigia.

Jioni ile nilipika supu nzito ya maharage, nyama na pilipili, na mikate ya mdalasini kando, kama tulivyofanya kila baada ya ushindi. Joleen, binti yetu, alikuwa bado shule ya upili, naye alikuwa amepamba meza kwa karatasi za rangi. Hata mkate haujakatwa, ukasema, "Ijumaa utakaa benchi."

"Baba, tumeshinda."

"Mmeshinda, na hongereni. Ijumaa utakaa."

"Nilikuwa salama! Muulize mwamuzi. Muulize Mama!"

"Sikuuliza kama ulikuwa salama. Niliinua mikono, Neal."

"Ijumaa wanakuja wasaka vipaji, Baba. Wanakuja kunitazama mimi."

"Basi watakuona benchi. Kaa wima."

Alikaa benchi Ijumaa ile, katika mashindano ya kanda. Alikaa wima. Tulishindwa, wasaka vipaji wakapanda magari yao, na mwezi Juni Neal naye akaondoka. Hakurudi kumalizia mwaka wake wa nne. Akasomea kazi ya kukagua madaraja, na amekaa magharibi, huko Spokane, tangu wakati huo.

Hamkugombana tena baada ya hapo, Merle. Laiti mngegombana. Kila Jumapili alipiga simu, na kila ulipoipokea wewe nilisikia mazungumzo yale yale kutoka jikoni: "Mvua imenyesha huko? Hapa bado. Haya, mama yako huyu hapa." Kisha ulinipa simu, ukaenda kusimama barazani, karibu kiasi cha kusikia sauti yake lakini mbali kiasi cha kutosikia maneno. Miaka yote hiyo.

Na bado wewe ndiye uliyemwandikisha apelekewe gazeti hili la Lindell kwa posta, na kila mwaka ukaliendeleza kimya kimya. Nililigundua hilo siku Neal aliponiuliza habari za ghala la akina Vodicka lililoungua, nami nilikuwa sijamwambia. "Limo kwenye gazeti, Mama," alisema. "Hivi ni wewe unayeniletea?" Nilikutazama. Ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu vilivyokuwa tayari vimefungwa.

Majira ya baridi ya mwisho, pumzi ilipokuwa imekupungukia na hukuweza tena kufika uwanjani, uliuleta uwanja mezani. Chupa ya chumvi ilikuwa mlinzi wa kushoto, anayeokota mipira ya upande huo. Kinu cha pilipili manga kilikuwa mdakaji. Kijiko kilikuwa Neal. Asubuhi moja nilikuta umeacha uji upoe, umekitazama kijiko.

"Yule mlinzi wa kushoto aliteleza," ulisema.

"Nani aliteleza?"

"Yule kijana wa fainali. Majani yalikuwa mabichi. Aliteleza, akarusha mpira akiwa goti chini, bila nguvu. Neal aliliona hilo. Ndiyo maana hakusimama."

"Na wewe hukuliona?"

"Mimi sikuwa nautazama mpira, Arlys. Kazi yangu yote ni kuutazama mpira. Nilikuwa namtazama yeye. Nilimwona anavyokuja mbio, nikamwona yule mdakaji amekaa njiani, na nikauona mguu wa Duane. Mikono iliinuka yenyewe."

Ulikichukua kijiko, ukakisogeza taratibu kupita pale ulipokuwa umesimama siku ile, ukakifikisha pembeni ya kinu cha pilipili.

"Alikuwa sahihi," ulisema. "Nilimweka benchi kwa kosa langu."

Niliinuka kwenda kwenye simu. Ukanishika mkono, na kwa mgonjwa ulikuwa na nguvu. "Usimwambie. Hilo ni langu. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Jumapili."

Jumapili simu ililia. Uliipokea wewe, na mimi nikazima jiko ili maji yasichemke kwa sauti. Ulishika ile simu kwa muda mrefu. Nilikuona unafungua mdomo na kuufunga. Kisha ukasema, "Theluji imeyeyuka huko?" Na baada ya kitambo, "Haya. Mama yako huyu hapa." Uliponipa simu hukwenda barazani. Ulibaki umeshikilia ukingo wa meza, ukaninong'oneza, "Jumapili ijayo."

Alhamisi ukaondoka.

Neal alikuja mazishini. Alisimama nyuma, karibu na mlango, amevaa koti lililokuwa jepesi kwa upepo wetu. Aliibeba pembe yake ya jeneza kama wengine. Watu waliposhuka ukumbi wa chini wa kanisa kula, kaka yako Verlyn alimfuata kwenye maegesho. "Njoo ule, kijana, wanawake wamepika viazi vya kulisha kaunti nzima."

"Nina safari ndefu, baba mkubwa."

"Safari ndefu haiendwi na tumbo tupu. Njoo."

Hakuja. Verlyn alirudi mezani peke yake, nami sikula viazi vile.

Sasa imefika habari ya majira haya, na hii ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu kuliko ilivyo desturi. Chuo kimeamua kuuita uwanja kwa jina lako. Jumamosi ya kwanza ya Mei wachezaji wako wa zamani watakutana, wenye vitambi na wenye magongo ya kutembelea, wacheze vipande vichache kwa heshima yako. Duane alikuja kunieleza, akakaa kwenye kiti cha wageni kwa kuwa hakuna anayekaa kwenye chako.

"Mama," alisema, kama ambavyo wote wameniita tangu ujana wao, "tumekubaliana jambo. Kipande cha kwanza, pale kando ya kituo cha tatu, asimame Neal."

"Na asipokuja?"

"Pasimame mtu yeyote. Wakimbiaji wajitafutie wenyewe, wagongane kama kuku."

"Duane, wewe na mguu wako ndio wa kusema hivyo?"

"Mimi sitakimbia, Mama. Mimi nitauza soda." Kisha akaacha kucheka. "Kocha alisimama pale kwa ajili yangu. Watu wanadhani alisimama kwa ajili ya pointi."

Nilimpigia Neal jioni ile ile bila kungoja Jumapili, naye kwa sababu hiyo alipokea simu kwa hofu. Nilimweleza. Akasema, "Nitaona, Mama."

"Utaona nini?"

"Nitaona kazi ilivyo."

"Madaraja hayatahama, Neal."

Alicheka kidogo, kicheko chako kile cha puani. Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo peke yangu tangu siku hiyo, nikiosha sahani moja na kikombe kimoja. "Pale si mahali pangu. Pale alisimama mtu aliyeniambia nimekosea, na amekufa akiamini hivyo. Nikisimama pale, nitasimama kama nani?"

Jibu lilikuwa ulimini mwangu, Merle. Lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini uliniambia nisimwambie, na katika ndoa yetu sikuwahi kuvunja neno nililokupa, hata lile la kijinga la kutogusa kofia yako ya ubingwa, ambayo mpaka sasa imetundikwa pale pale na vumbi lake. Nikamwambia tu, "Lala salama, mwanangu." Kisha nikakaa jikoni nikikitazama kiti chako, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilikukasirikia.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama nilivyowafundisha watoto wa watu kufikiri: kwanza kinachokatazwa, kisha kisichokatazwa. Ulinikataza kumwambia Neal. Simwambii. Simu yake sijaipiga tena, na barua sijamwandikia. Ninazungumza na wewe, mume wangu, kama familia zote zinavyozungumza na marehemu wao katika ukurasa huu kila Jumatano. Kama kuna mtu mwingine anayelisoma gazeti la Lindell, karibu au mbali, huyo aliandikishwa na wewe, si mimi.

Basi nisikilize wewe, Merle, kwa kuwa ninaongea na wewe peke yako. Mlinzi wa kushoto aliteleza. Mwanao aliliona. Hukuutazama mpira kwa sababu ulikuwa unamtazama yeye, na kwa muda ule mdogo tu, katika miaka yako yote ya kazi, hukuwa kocha. Ulikuwa baba aliyeogopa. Alikuwa sahihi, na ulilisema hilo kwa kinywa chako mwenyewe mezani kwangu, uji ukiwa mbele yako. Ulitaka kumwambia. Ulikosa Jumapili moja.

Jumamosi ya kwanza ya Mei nitakaa kwenye benchi langu la mbao, nyuma ya mdakaji, na mto wangu wa kukalia na mfuko wa mbegu za alizeti ambazo sizipendi. Supu na mikate ya mdalasini vitakuwa tayari nyumbani, tushinde tusishinde, kwa sababu mwaka mzima sijapata mtu wa kumpikia na mikono yangu imesahau vipimo vya watu wachache. Pale kando ya kituo cha tatu pamechorwa upya kwa chokaa. Duane alichora mwenyewe, amepiga magoti kwenye mguu wake mzima. Mistari imenyooka. Ungeridhika nayo.

Wanaokukumbuka ni mkeo, Arlys. Binti yako, Joleen, na mumewe, Gordon. Mjukuu wako, Tessa, anayeivaa kofia yako ya mazoezi ingawa inamziba macho. Kaka yako, Verlyn. Duane Pospisil na vijana wako wote wa Korongo, ambao hawakuwa ndugu zako wa damu na hawakulijua hilo. Katika orodha kama hii mtoto wa kwanza huandikwa kabla ya wa pili. Nimemweka mwisho, ili jina lake lisipitwe na jicho la yeyote anayesoma kwa haraka: mwanao, Neal, aliyekuwa salama.

Maadamu mmoja wetu yupo, Merle, hutasahaulika.